Siku ya Tatu Baada ya Kuaga Windows

Dar es Salaam hakuna mtu anayemwambia fundi "nisakinishie mfumo endeshi." Watu husema "nipigie window." Mteja anaiweka laptopu juu ya meza, anaeleza kwamba imekuwa nzito na inastaki akifungua vitu viwili, fundi anaitazama kidogo na kumwambia apitie jioni. Jioni analipa elfu kumi au kumi na tano, anaondoka na Windows mpya, Office ikiwa ndani, pamoja na kijiprogramu kinachoiaminisha mashine kwamba leseni imelipiwa. Kwake mfumo ni kazi ya fundi, kama kubadilisha oili ya pikipiki. Hakuwahi kuuchagua, na hajui kama unachagulika.

Sisi tunaopenda Linux tumeliruka jambo hilo kwa miaka mingi. Tunamwendea mtu wa namna hii na habari za usalama, uhuru na wepesi, naye anatusikiliza kwa adabu huku akijiuliza swali ambalo hatujamjibu: ikigoma, nitampelekea nani? Kila nikitazama safari za kuhama zilizofika na zilizokwama, kubwa na ndogo, naona ziliamuliwa na swali hilo kuliko ubora wa mfumo wenyewe.

Swali limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga msaada wa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache. Sasa pita kwenye maduka ya laptopu za mtumba, Kariakoo au Nairobi, uone kilichopangwa rafuni. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6. ThinkPad T470 na Dell Latitude 7480 zinaishia cha 7. Ni mashine imara, kibodi zake zinapita za laptopu nyingi mpya za bei ya chini, na ukizitia SSD na RAM ya GB 8 zinafanya kazi ya ofisi bila kuguna. Aliyeitengeneza Windows amezitangaza kuwa zimezeeka. Mwenye mashine ana njia chache: aongeze mwaka mmoja wa masasisho ya usalama unaokwisha Oktoba 2026, ampe fundi alazimishe Windows 11 kwa mlango wa nyuma, aendelee kama hakuna kilichotokea, au ahame. Wengi watachukua njia ya tatu, na sidhani tuna haki ya kuwacheka.

Hoja ya kwanza inayomtoka mtetezi ni kwamba Linux ni bure. Huku kwetu hoja hiyo ni butu, maana Windows ya kupigiwa nayo ni ya bure. Kinacholipiwa ni mkono wa fundi. Tena neno lenyewe lina sifa mbaya. Tuna kazi bure, tuna maneno ya bure, na wahenga walishatuambia rahisi ghali. Richard Stallman, Mmarekani aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983, ametumia miongo akifafanua kwamba kwa neno la Kiingereza alilolichagua, free, alikusudia uhuru, wala hakukusudia bei. Kiswahili hakina mkanganyiko huo, kwani huria ni neno lake na bure ni neno lake. Ajabu ni kwamba sisi wenye bahati hiyo tumelishika lile dhaifu.

Huria ndilo linalomfaa fundi. Linamaanisha kwamba anaweza kunakili mfumo kwenye flashi ishirini, akaugawa, akaurekebisha, akatoza kazi yake, na hakuna aliyeibiwa. Mwalimu anaweza kuujaza katika chumba kizima cha kompyuta bila kuhesabu leseni.

Linux yenyewe haihitaji historia ndefu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo na kukiweka wazi. Kiini ni kama chasisi ya Isuzu: mmoja anaijengea bodi ya basi dogo, mwingine ya lori, mwingine anapaka rangi na kutia muziki. Bodi hizo ndizo huitwa distro. Mwenye simu ya Android anatembea na kiini hichohicho mfukoni bila kukijua. Distro iliyowafungulia wengi mlango, Ubuntu, ilitoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, watengenezaji wake walikuwa wakituma CD kwa posta popote duniani bila malipo hata ya stempu. Mtu wa Kigoma asiye na intaneti ya maana aliweza kuagiza bahasha ikamfikia. Nadhani ule ulikuwa msaada bora kwa wanaoanza kuliko mafunzo mengi yaliyoandikwa tangu hapo.

Mfano unaotajwa na kila anayeshuku ni wa jiji la Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la jiji liliamua kuachana na Windows, na Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alikatisha likizo yake ya kuteleza kwenye theluji ili akamwone meya. Hakufanikiwa. Kufikia mwaka 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehamia kwenye distro ya jiji iliyoitwa LiMux. Kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Wapinzani walishangilia kwamba Linux imeshindwa, ila kampuni ya ushauri ya Accenture iliyoajiriwa na jiji hilohilo kuchunguza malalamiko ilikuwa imeandika kwamba mengi yalitoka kwenye mpangilio wa idara za TEHAMA: zilitawanyika, kila moja na taratibu zake, na mfanyakazi mwenye tatizo hakuwa na mlango mmoja wa kugonga. Siasa zilikuwemo pia, meya mpya hakuwa shabiki wa LiMux. Hata hivyo, mtu akikaa wiki nzima hajajibiwa kwa nini waraka wake haufunguki, hatamlaumu mpanga idara. Atamlaumu yule pengwini wa nembo ya Linux.

Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilikwenda kwa mwendo mwingine, nao unastahili kusomwa polepole na kila anayetaka kumhamisha hata mama yake. Mwaka 2005 waliwapa askari OpenOffice juu ya Windows ileile waliyoizoea. Mwaka 2006 wakaleta kivinjari cha Firefox na programu ya barua pepe ya Thunderbird, bado juu ya Windows. Walingoja. Microsoft ilipoleta Vista, wakaona kwamba kutoka XP kwenda huko kungewalazimu kuwafundisha watu upya hata hivyo, na mwaka 2008 ndipo wakaanza kuondoa Windows yenyewe na kuweka Ubuntu waliyoirekebisha, GendBuntu. Askari alipowasha mashine, kila programu aliyoitumia kutwa ilikuwa palepale. Kilichobadilika kwake kilikuwa picha ya ukutani na vialama vichache. Leo karibu kompyuta laki moja za jeshi hilo zinaendeshwa hivyo.

Katika jimbo la Kerala, India, walianza na walimu. Mradi wa TEHAMA mashuleni uliwafundisha kwanza watakaosimama mbele ya darasa, kisha mtihani wa somo ukafanywa kwa programu huria, na kufikia mwaka 2019 mashine zaidi ya laki mbili za shule zilikuwa kwenye Linux. Mtoto aliyekwama alikuwa na mtu wa kumwita humohumo darasani.

Nasi tulijaribu, kwa upande wa lugha. Mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa ya istilahi, na matunda yake hayajapotea: LibreOffice ya leo, iliyotokana na OpenOffice, ina sura ya Kiswahili cha Tanzania na kamusi ya tahajia. Lakini keti pembeni ya mtu anayechapa barua. Amejifunza kompyuta kwa macho na vidole, na maandishi ya Kiingereza kwenye menyu kwake ni alama za barabarani tu. Anajua ya pili kutoka juu ndiyo ya kuhifadhi. Ukimgeuzia menyu yote iwe Kiswahili fasaha, umemng'olea alama zake. Kwa mtoto anayeanza sifuri Kiswahili ni msaada mkubwa. Kwa mtu mzima anayehama, nakiri nimebadili mawazo: naacha Kiingereza kibovu alichokizoea, ninamwekea tahajia ya Kiswahili, basi.

Kwa hiyo kazi ya msaidizi huanzia kwenye kuuliza. Kabla ya kugusa mashine, mwulize mwenyewe akueleze alichofanya nayo jana na juzi. Mwambie akuonyeshe, usitosheke na maelezo. Anayetunza hesabu kwa Tally au QuickBooks ya kwenye kompyuta, mchoraji wa mabango anayeishi ndani ya Photoshop na Illustrator, karani anayejaza fomu za Excel zilizojaa makro, kijana wa michezo ya mtandaoni inayokagua wadanganyifu: hao usiwahamishe. Wape pole na uende zako. Kuna njia za kuendesha baadhi ya programu za Windows ndani ya Linux, na zinafanya kazi hadi siku zisipofanya, ambayo kwa kawaida ni siku ya kufunga hesabu. Anayebaki ni mtu wa kivinjari, barua, PDF, filamu na muziki. Ni wengi kuliko tunavyodhani, kwa sababu kazi nyingi zimekwisha kuhamia ndani ya kivinjari.

Kwa huyo, fanya kama Wafaransa. Mwachie Windows yake na umwekee Firefox, LibreOffice na VLC. Mpe mwezi. Atakapolalamika, na atalalamika, utakuwa unajua lawama ni za programu gani na bado ana pa kurudi. Mengi yatahusu mwonekano wa nyaraka: barua iliyokaa ukurasa mmoja sasa inamwaga mistari miwili kwenye wa pili. Chanzo mara nyingi ni fonti. Calibri na Times New Roman ni mali ya wengine, ila zipo mbadala zenye vipimo vilevile, Carlito kwa ya kwanza na Liberation Serif kwa ya pili, na zikiwepo mistari hurudi mahali pake. Mfundishe pia kutuma PDF kila mahali ambapo mpokeaji hatahariri. Hilo pekee huondoa nusu ya ugomvi.

Mwezi ukiisha, mwonjeshe. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unabonyeza F9 kwenye HP au F12 kwenye Lenovo na Dell wakati mashine inawaka, unachagua flashi, na mfumo mzima unakuja. Faili la ISO, lile linalobeba mfumo, halinakiliwi tu kama wimbo, lazima liandikwe kwa programu kama Rufus, au flashi iandaliwe kwanza kwa Ventoy, na wanaoanza wengi huishia hapo wakidhani flashi ni mbovu. Katika nusu saa ya kuonja utajua kama Wi-Fi inashika, sauti inatoka, mwanga wa kioo unapungua, na kompyuta inalala na kuamka. Kama Wi-Fi haishiki, chomeka simu kwa waya na ushirikishe bando kupitia USB; karibu kila mara Linux huikubali papo hapo. Tahadhari moja: kwenye mashine mpya diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukichezea mipangilio ya kuwashia, Windows itadai ufunguo wenye tarakimu 48, na mtu ambaye hakumbuki hata barua pepe aliyofungulia akaunti ya Microsoft ataona picha za harusi yake zikienda. Utafute ufunguo huo kwanza.

Kuhusu kusakinisha, vitabu vyote vinashauri kuweka mifumo miwili kwenye diski moja. Mimi nimeacha. Mtu hurudi Windows kila anapokwama dakika tano, na sasisho likivuruga mpangilio wa kuwasha, unaitwa wewe. Nunua SSD ya mtumba ya GB 120 au 256, ing'oe diski ya zamani, iviringishe kwenye karatasi, andika jina la mwenyewe, mkabidhi aifungie kabatini. Kwenye EliteBook 840 G3 ni kazi ya bisibisi na dakika kumi. Diski ile ndiyo nakala ya akiba, ndiyo pia tiketi ya kurudia. Nimeona mtu akitulia kabisa kwa kujua tu kwamba Windows yake ipo kabatini, na hajawahi kuifuata.

Distro ipi? Mabishano haya yamepoteza wageni wengi kuliko virusi. Jibu langu ni ile unayoitumia wewe utakayepigiwa simu. Kama huna upendeleo, Linux Mint ina menyu kona ya chini kushoto pale mtu anapoitafuta, na ina Timeshift ya kurudisha mfumo hali ya jana. Kwa RAM ya GB 4 chukua ile yenye mazingira ya Xfce. Kwa GB 2 sema ukweli: mfumo utakuwa mwepesi, lakini kivinjari cha leo kitaimeza kumbukumbu yote kwa kurasa tatu.

Bando ni suala ambalo mafunzo ya Ulaya hayalijui. Faili la Mint ni takriban GB 3, la Ubuntu karibu mara mbili yake, na masasisho ya mara ya kwanza yanaweza kula mamia ya MB. Msaidizi anayefaa huja na kila kitu kwenye flashi, anamaliza masasisho yote kwa intaneti yake, anaweka fonti na programu za kuchezea video, na haondoki kabla printa haijatoa karatasi. Printa za HP nyingi hazina shida, na Epson za matangi ya wino zina viendeshi vyake. Baadhi ya Canon ndogo za leza, LBP2900 kwa mfano, zimewatoa watu jasho. Afadhali ujue kabla ya kuahidi.

Halafu inafika siku ya tatu. Siku ya kwanza mgeni ana furaha ya kitu kipya na ya pili anajizuia asikusumbue. Ya tatu anatumiwa kiambatisho asichojua kukifungua, saa nne usiku, na kinatakiwa asubuhi. Hapa ndipo msaidizi anapoonyesha kama alikuwa anasaidia au anajionyesha. Wenzetu wengi hujibu kwa amri ya terminali iliyonakiliwa mahali, mgeni anaibandika bila kuielewa, anaulizwa neno la siri, anachapa na kwenye distro nyingi haoni hata nukta moja kwenye kioo, anadhani kibodi imekufa. Terminali ni chombo kizuri sana. Nisingeitaja mbele ya mgeni kwa miezi mitatu. Mwelekeze kwa menyu, kwa sauti, na ukiwa naye uso kwa uso mwache yeye ashike kipanya hata kama vidole vinakuwasha.

Wala usimdanganye kwamba Linux haipati virusi. Ila kuna jambo moja unaloweza kumwonyesha badala ya kumweleza. Sote tunawajua wale virusi wa flashi wanaoficha mafolda na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale. Chomeka flashi ya namna hiyo kwenye Linux: mafolda yote yapo wazi, kwa kuwa mfumo hauijali ile alama ya Windows ya kuficha, na zile njia za mkato zimelala hapo hazina pa kukimbilia. Unazifuta kama takataka nyingine.

Mama mmoja mwenye steshenari jirani na chuo alihama kwa sababu hiyo, na alihama nusu. Wateja wake ni wanafunzi, na kila flashi inayoingia dukani imeshatembea mji mzima. Ana mashine mbili. Moja bado ni Windows, kwa ajili ya kadi za michango ya harusi alizozitengeneza kwa Publisher miaka na miaka. Microsoft imetangaza kuisitisha Publisher Oktoba 2026, na LibreOffice huyafungua mafaili yake kwa kubahatisha, maua yakikaa hapa na majina ya kamati kule. Ya pili, EliteBook chakavu, ina Mint. Flashi zote za wateja huchomekwa kwenye hiyo kwanza. Nilimkuta kijana wake wa kazi, ambaye sikuwahi kumfundisha chochote, akimwelekeza mteja pa kubonyeza. Nilimwuliza nani alimwonyesha. "Si huyu mama," akasema bila kunitazama. "Nawe kaa kwenye foleni, mzee, flashi yako nitaichomeka."